Hodi ya Nne

“Mara ya nne, Sikudhani. Ulibisha mara ya nne mbele za watu.”

“Mama Pacha, ule ulikuwa mchezo.”

“Mchezo umeujuaje mlango wangu?”

Tulikuwa tumeshafika mbali kwenye ugomvi huo, kila mmoja kasimama kwenye kizingiti chake, mimi na kanga ya kulalia, yeye na mwiko mkononi, na korido ya ghorofa ya sita imeanza kujaa. Milango ya majengo yetu ya Kihonda inasikia. Ukipaza sauti inakuuliza kama iite msaada. Mlango wa Mama Pacha ulikuwa umeuliza mara mbili, naye kaujibu bila kugeuka, “Nyamaza wewe, sitaki msaada.”

Kwenye ngazi alikaa mumewe, Beda, fundi wa treni ya umeme, na mto kwapani. Alilala juu ya paa, kando ya nyavu za kuvunia umande, na shati lilikuwa limemlowa upande mmoja tu, ule wa nyavu. Mwanamume akishuka kutoka juu Jumapili asubuhi na mto wake, jengo zima halihitaji kuelezwa.

“Watu wawili tu duniani wanalijua jambo lile,” Mama Pacha alisema. “Mimi na huyo hapo kwenye ngazi. Mimi sijasema. Aliyebaki hata mtoto wa chekechea anamtaja.”

“Sijasema,” Beda akajibu. “Nimeapa tangu jana mpaka koo limekauka. Halafu eti nimwambie Siku? Siku, samahani jirani, lakini kukuambia wewe kitu si sawa na kukibandika kwenye lifti?”

Watu wakacheka. Mama Saumu wa mlango wa mwisho alicheka hadi akashika ukuta. Siku nyingine hata mimi ningecheka, maana hakuwa amesema uongo.

Mimi ni mtu wa habari, bora niliseme mwenyewe. Jengo hili nalijua: nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani anapika pilau akidai anapasha kiporo. Najua hata kwamba Mama Pacha, mpishi namba moja wa ghorofa ya sita, hagusi dagaa tangu Mwaka wa Kufungiwa, ingawa sababu yake ilinishinda kuipata. Sebule yangu haijui kukaa na mtu mmoja. Shule yangu ilikuwa stendi ya Msamvu, nikiita abiria na kuuza karanga, na stendi inakufundisha kumsoma mtu kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana tamasha la michezo ya meza lilipotafuta wasimulizi wa kujitolea, jina langu lilitangulia. Msimulizi ni yule anayekaa kichwani pa meza. Wachezaji wanachagua wawe nani, jasusi au mganga au rubani, yeye anawaambia wako wapi na nini kinawajia, na yaliyobaki yanaamuliwa na dadu. Unapewa fulana, chai, na meza iliyojaa watu. Mimi hiyo ya mwisho inanitosha.

Jana yake, Jumamosi, Mama Pacha alikaa kwenye meza yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemsihi miezi miwili. Hadithi ilihusu kituo cha wachimba barafu huko mwezini, naye akachagua kuwa daktari wa kituo. Nikamweka nyuma ya mlango wa chuma, nje kuna mtu anabisha. Hodi. Hakujibu. Hodi. Hakujibu. Hodi. Meza ikanyamaza, kimya kizuri, kile ambacho msimulizi anakitafuta mwaka mzima. Nikabisha ya nne. Mama Pacha akafumba macho akasema kwa sauti ndogo, “Nyamazeni, wanangu,” na katika hadithi yetu hakukuwa na mtoto hata mmoja. Halafu akasimama akaondoka, pochi yake ikabaki chini ya kiti.

“Mtu mwenye adabu anabisha tatu,” alisema sasa, na mwiko ulikuwa umeshuka. “Asipojibiwa anakwenda zake. Hata mgambo wa mwaka ule walibisha tatu. Ni wewe tu.”

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, na lingemrudisha Beda ndani na mto wake. Lakini nilikuwa nimeapa nisiliseme.

“Jioni mdogo wangu anakuja kula,” Mama Pacha alisema. “Mektilda. Kaa hapo mlangoni kwako kama kawaida yako, umsubiri. Umwambie na yeye.”

Akafunga. Mlango ukatoa ule mlio wa kunyonya hewa, ambao milango yetu imebaki nao tangu mwaka ule, na watu wakarudi ndani mmoja mmoja, wakinitazama kama mtu aliyejipakulia wali msibani kabla maiti haijatoka.

*

Tamasha letu linafanyika kwenye ghala la zamani la tumbaku. Mpaka leo ukivuta pumzi karibu na nguzo unapiga chafya. Siku ile ya mwisho nilifika mapema, meza arobaini zimeshapangwa, na juu ya kila meza limetandikwa jamvi.

Jamvi ni kitu cha kupendeza, nisilisingizie. Linatoa milima, vichochoro, mvua ndogo isiyolowesha, vyote vya mwanga, vya kimo cha kidole. Hilo ndilo wachezaji wanaloliona. Wasiloliona ni kwamba limefumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, na nyuzi hizo zinasoma kiganja: joto lake, jasho lake, mapigo ya moyo. Mchezaji analaza mkono mezani kama watu wote wanavyolaza mikono mezani, na jamvi linajua neno gani limemshtua. Kwa nini limemshtua, halijui. Linajua tu mahali pa kubonyeza, kisha linamnong'oneza msimulizi kupitia kidude cha sikioni. Jana Mama Pacha alikaa kiti cha nne, nalo likaniambia: kiti cha nne, mlango. Kiti cha nne, mlango, ongeza. Na baada ya hodi ya tatu likaniambia: bisha tena.

Nami nikabisha.

Kabla ya majamvi tulikuwa na desturi yetu. Enzi hizo tunacheza kwenye baraza la kinyozi mmoja pale Mji Mpya, dadu za kuchonga kwa kisu, msimulizi akitaka kumpeleka mtu mahali panapouma alisimamisha hadithi kwanza. Akasema hodi, kwa sauti yake mwenyewe. Mchezaji akisema karibu, mnaingia. Asipojibu unabisha tena, na tena, kisha unaigeuza hadithi njia nyingine na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Majamvi yalipoletwa tuliiacha. Tukaona hodi ya nini, wakati jamvi linajua.

Mkuu wa meza zote ni Yusta, mwanamke anayetembea na kalamu mbili kwenye nywele na ya tatu anayoitafuta. Nilimkuta akipanga karatasi za wahusika.

“Dada Yusta, kuna mchezaji wangu nataka kumwambia jambo.”

“Jambo gani?”

“Kwamba jamvi linasoma.”

Akaweka karatasi chini. “Siku. Uliapa.”

“Niliapa.”

“Mtu akijua anasomwa, anabana. Akibana, lile jamvi ni kitambaa cha meza tu. Mwaka wa mwisho kabla hayajaja, meza yako ilikuwa na watu wangapi?”

“Watatu. Mmoja alikuwa anakwepa jua.”

“Na jana?”

Jana walikaa sita, na nyuma yao walisimama kama ishirini wakitazama, mmoja na mtoto mgongoni. Yusta alijua mahali pa kunibonyeza, na hakuhitaji jamvi.

“Ile ya jana iko wapi sasa?” nikamuuliza. “Sauti ya yule mama. Moyo wake.”

“Humo humo kwenye jamvi. Saa tisa wenyewe wanakuja kuyakunja. Wanayapeleka kwao, yanafundishana, kilichonoga huku kinatiwa kwenye michezo ya mwakani.” Alieleza bila kuficha, kama mtu anayekwambia maharage yanalowekwa saa ngapi. “Ule mlango wako umeshinda vyote. Mwakani kila mji utakuwa nao.”

Kila mji. Ifakara nao ni mji. Mektilda anakaa Ifakara, na yeyote aliyewahi kunywa chai kwa Mama Pacha anajua kwamba mdogo wake hapitwi na mchezo wa meza hata mmoja.

Siri yenyewe sikuijua. Lakini mwanamke anataja mlango, anataja wanawe, anataja mwaka ule, halafu anamtaja mdogo wake. Mwaka wa Kufungiwa, ule wa maradhi, milango yetu ilihesabu pumzi. Mkiwa wanne, na mlango ukahesabu watano, nyote mlichukuliwa kambini siku arobaini, na kambini si watoto wachanga wote waliorudi. Pacha wa Mama Pacha walikuwa na miezi miwili.

Nikaacha kufikiri hapo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuiona habari inakuja na mimi nikaifungia nje.

“Inafutika?”

Yusta aligusa kalamu za kwenye nywele. “Inafutika. Mwenye kiganja anarudisha kiganja chake, anasema mwenyewe, nisahau. Ipo kwenye masharti, ukurasa wa kumi na tisa. Lakini ili aseme hivyo inabidi ajue.”

“Basi atajua.”

“Akijua mmoja, saa nane ghala zima limejua. Nani asiyekujua wewe? Na hapo hatutakuwa na majamvi, wala watu wa kusimama nyuma ya kiti.”

Nilizitazama meza. Watu walikuwa wameanza kuingia, wakichagua viti, wakiitana kwa majina ya wahusika wao. Mimi napenda nyumba iliyojaa. Sitaki kusema uongo kwamba haikuniuma.

Nikatoa kidude sikioni nikakiweka juu ya karatasi zake.

“Fulana nitakurudishia nikishaifua,” nikamwambia.

*

Saa sita nilikuwa mbele ya mlango wa Mama Pacha. Ndani kulikuwa na mlio wa kisu kwenye ubao.

“Hodi.”

Kisu kikanyamaza.

“Hodi, Mama Pacha. Ni Siku.”

Beda alikuwa bado kwenye ngazi, sasa ana kikombe cha chai ambacho jirani mmoja alimhurumia, na mto ameuweka mapajani.

“Hodi,” nikasema.

“Bisha tena, jirani,” Beda akaninong'oneza. “Huyu ukimzoea hufungua ya tano.”

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Zilibaki saa tatu, na nilikuwa na sababu nzuri kabisa, nimekuja kumsaidia. Kisha nikakumbuka kwamba hata jana, mkono ukiwa juu hivyo hivyo, niliona nina sababu nzuri. Meza ilikuwa imenyamaza vizuri mno.

Nikaushusha.

Nikavuka korido mpaka kwenye kizingiti changu, ambako siombi ruhusa ya mtu, nikageuka, nikatoa ile sauti ya kuitia abiria wa Iringa.

“Jamani wa ghorofa ya sita, nina habari.”

Hakuna ufunguo wa jengo letu unaofanya kazi kama maneno hayo yakitoka kwangu. Milango saba ilifunguka. Mama Saumu alitoka na povu la sabuni mikononi. Wa Mama Pacha haukufunguka.

“Habari yenyewe inanihusu mimi,” nikasema, na nikawaona wawili wamevunjika moyo. “Jana nilimkosea mtu. Siri yake sikuambiwa na yeyote, na mpaka nasimama hapa siijui. Shemeji Beda hakufungua mdomo, mwacheni akalale kitandani kwake. Lile jamvi la tamasha linasoma viganja. Linasikia moyo unaruka wapi, linaniambia sikioni nipige hapo hapo. Sisi wasimulizi tuliapa kutowaambia. Basi mimi nawaambia.”

Mama Saumu akajitazama mikono. “Kwa hiyo miye mwaka jana nilivyokuwa nashinda kila dadu, lilikuwa linanisoma?”

“Dadu hapana, mama, ile ilikuwa bahati yako. Ile sehemu ya mama mkwe, uliyolia mpaka ukapewa maji, ile ndiyo.”

“Ala,” Mama Saumu akasema. “Na mimi nikajua unajua kusimulia.”

Iliniingia. “Kila aliyekaa pale, yake yamo,” nikaendelea. “Saa tisa yanachukuliwa na wenye nayo, yanatiwa kwenye michezo ya miji mingine. Anayetaka yake yafutwe aende mwenyewe, aweke kiganja, aseme nisahau. Jana mtu alinyamaza mara tatu. Nilitakiwa kuondoka. Nikabisha tena kwa sababu watu wengi walikuwa wananitazama na nilikuwa najisikia raha. Hiyo haikuwa kazi ya jamvi, ilikuwa yangu. Sasa kama kuna wa kunisema, anisemee hapa hapa nilipo.”

Kisha mlango wa Mama Pacha ukatoa mlio wake wa hewa.

Alikuwa amevaa viatu. Macho mekundu, ya vitunguu au ya jambo jingine. Hakunitazama mimi, alimtazama mumewe kwenye ngazi.

“Beda.”

“Naam.”

“Sufuria iko jikoni. Ukoroge, isishike chini. Na huo mto uuingize ndani, umeshanitia aibu vya kutosha.”

Beda aliinuka kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Ndipo Mama Pacha akanigeukia. “Muda upo?”

“Upo. Tusipozembea.”

“Basi twende. Na usiongee njiani.”

Sikuongea njiani. Waulizeni waliokuwepo.

*

Tulikwenda kumi na mmoja, na Mama Saumu mbele, povu bado linamkaukia kwenye viwiko. Yusta alituona tunaingia akashusha pumzi ndefu, akatusogezea kiti cha nne bila kuulizwa.

Mama Pacha alilaza kiganja. Jamvi likawaka, mlango mdogo wa chuma ukasimama mbele yake, mzuri, na misumari yake yote. Sauti ya upole ikasema kumbukumbu hii imependwa sana na watazamaji, je, ana uhakika?

“Nisahau,” Mama Pacha akasema.

Likauliza tena.

“Nisahau.”

Likauliza tena, je, anajua kwamba ikifutwa hairudi?

“Nisahau, nimesema.”

Ya nne halikuuliza. Mlango ukazimika kuanzia juu kwenda chini, na pale mbele ya kiti cha nne pakabaki kitambaa cha kijivu. Mama Pacha alikaa akikitazama. Halafu akakipapasa kidogo, akaondoa mkono, akaanza kuufuta kwenye gauni lake, akaufuta na kuufuta, na nikaona mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyetua ndoo mbili za maji.

Nyuma yetu mstari ulikuwa umeshaundwa. Habari ilikuwa imepita meza hadi meza, na safari hiyo haikupita kwa mdomo wangu. Wengine walikuja wakicheka, wengine wamekasirika, kijana mmoja mwenye vazi la mfalme alisema yake ibaki, yeye hana siri, na mkewe akamwambia aweke kiganja haraka. Saa tisa kasoro dakika chache Yusta mwenyewe alinisukuma pembeni kwa kiuno.

“Sogea. Nami nilikaa kwenye meza yako, ile hadithi ya harusi.”

Wenye majamvi walipokuja waliyakunja bila maneno mengi. Mmoja alilipima moja mkononi, akalitazama, akamtazama Yusta.

“Mwakani hawatuletei tena,” Yusta aliniambia walipoondoka.

“Mwakani nitaleta dadu.”

“Leta leo. Ratiba inasema mpaka saa kumi na moja, na mimi ratiba yangu siikati.”

Nusu ya watu walikuwa wameshakwenda makwao. Ghala lilionekana kubwa, na meza zilizovuliwa majamvi zilikuwa na mikwaruzo ambayo hatukuwa tumeiona miaka miwili. Nilikaa pembeni karibu na mapipa ya maji, nikamwaga dadu zangu za kuchonga kutoka kwenye kifuko changu. Walikaa wanne. Mama Saumu, mfalme na mkewe, na wa nne alikuwa Mama Pacha. Nyuma yao hakusimama mtu.

“Tuendelee na ile ile ya mwezini,” Mama Pacha akasema. “Sipendi kitu nusu.”

Tukaendelea. Hapakuwa na barafu ya mwanga wala vyombo vidogo vya kuruka, ilikuwa sauti yangu na dadu moja yenye pembe iliyomegeka. Nilisahau jina la kamanda mara mbili, Mama Saumu akanikumbusha. Hatimaye njia ya hadithi ikatufikisha pale pale, kwenye mlango wa chuma, na upande wa pili kuna mtu.

Nikaondoa mikono mezani. Nikasimamisha hadithi.

“Hodi,” nikasema, kwa sauti yangu.

Mama Pacha alikuwa anazungusha dadu kiganjani. Nilimtazama usoni, nikajaribu kumsoma, na nikaona kwamba sijui. Miaka miwili nilikuwa nikiambiwa na jamvi. Nilingoja kama watu wengine wote wanavyongoja mlangoni kwa mtu.

“Leo hapana,” akasema.

“Basi,” nikasema, “kando yako kuna bomba la hewa. Linatosha mtu mmoja akipita kwa tumbo.”

“Mtu wa saizi gani?” Mama Saumu akauliza kwa wasiwasi, na tukacheka wote. Sikuwa nimesikia mchezaji akiniambia hapana tangu majamvi yaje. Nilikuwa nimesahau ilivyo rahisi kuitikia.

*

Mektilda alifika jua likiwa bado juu ya milima, mrefu, mwenye kicheko kinachotangulia lifti. Alibeba mchele wa Ifakara kwenye begi la mgongoni, na mkononi fuko la karatasi. Tukasalimiana koridoni, akaniuliza tamasha lilikuwaje, nikamwambia zuri, nikaingia kwangu. Hilo tu. Mama Saumu hakuamini nilipomsimulia.

Mlango wangu niliuacha wazi kidogo, upana wa kidole, hewa ipite.

Wa Mama Pacha ulikuwa wazi wote. Aliuzuia na kinu, usijifunge. Nilisikia sahani, nikasikia pacha wawili wanagombea kiti, nikasikia Beda anawapeleka nje kwenye roshani wakatazame treni ya saa kumi na mbili. Kisha Mama Pacha akasema, bila kutafuta maneno, kama mtu anayeng'oa bandeji:

“Mektilda, mwaka ule ulipokuja ukabisha. Nilikuwa ndani.”

Hapo nilitakiwa kufunga. Naapa nilishika kitasa.

“Najua,” Mektilda akasema.

“Unajua nini?”

“Dada, ulikuwa unakaanga dagaa. Korido nzima ilinukia. Nani anatoka nyumbani kwake akawaacha dagaa wanajikaanga wenyewe?”

Nikaguna, mlango wangu ukaanza kuniuliza kama niko salama, nikaupiga kofi.

“Miaka tisa,” Mama Pacha akasema. “Miaka tisa nakwambia nilikuwa hospitali na watoto, na wewe unaitikia tu.”

“Ningesemaje? Nilipobisha ya tatu nikamsikia mmoja wa pacha ameanza kulia, halafu akazibwa mdomo. Ndipo akili ikanirudia kwamba mlango unahesabu. Nikajiambia huyu akinifungulia, nimewapeleka kambini na vitoto vyake. Nikaondoka. Nilikwenda kwa masista, wakanipa uji na godoro, mpaka leo uji wao siupendi. Haikuwa mbaya, dada.”

“Kwa nini hukuniuliza?”

“Nilibisha tatu nikaona hujajibu,” Mektilda alisema. “Kukuuliza baadaye ingekuwa ya nne.”

Sijui nani alianza, kama ni kulia au kucheka, vilichanganyika. Nilisikia pua zinapengwa. Nilisikia Mektilda anasema, “Na kila nikija nakuletea dagaa nione utafanyaje, unawapa paka wa chini. Nimeleta tena leo, wako kwenye fuko.” Nilisikia Mama Pacha anamtukana kwa Kiluguru, tusi refu la upendo, kisha kiti kinasogezwa, kikaango kinatolewa kabatini, mafuta yanalia. Harufu ikatoka mlangoni kwao, ikajaa korido, na milango miwili mitatu ikafunguka kuchungulia, maana harufu hiyo kutoka nyumba ile ilikuwa habari yenyewe.

“Siku.”

Nikausukuma mlango ufunge.

“Siku, najua upo. Kanga yako imebanwa mlangoni, pindo liko nje.”

Nikatazama chini. Ni kweli.

“Umesikia yote, au nirudie ulipokosa?”

Nilitoka. Hatua nne za korido zilikuwa ndefu kuliko njia yote ya ghalani. Waliniona, wote: Mektilda na kitambaa puani, Beda kwenye roshani na pacha mmoja kila upande, Mama Pacha na mwiko wake ule ule wa asubuhi. Mlango ulikuwa wazi, kinu kimeuzuia, ningeweza kuingia tu. Nikasimama kwenye kizingiti, miguu yangu upande wa nje.

“Hodi,” nikasema.

Mama Pacha aliwageuza dagaa kwanza. Hakuwa na haraka.

“Karibu,” akasema. “Nawa mikono, vuta kile kiti chenye mto wa Beda, tule. Na wewe uliyejificha pale mwisho na masikio, Mama Saumu, leta sahani yako.”